Bitcoin, Ethereum au hii ya bei chee: nitajuaje kama bei ni halali?

Kijana wa Igoma: Wakuu, habarini za jioni. Nina hela kidogo, nataka kuingia kwenye sarafu za mtandaoni kabla ya Ijumaa kuisha. Nimebaki na tatu: Bitcoin, Ethereum, na moja ambayo kipande hakifiki hata shilingi. Hii ya tatu naona bado ipo chini sana. Nitajuaje kama bei ya leo ni halali au napigwa?

Mama Nansio: Kidogo ni shilingi ngapi? Yako au ya kukopa? Unakaa nayo mwezi au miaka mitano? Na hiyo ya tatu haina jina? Umekuja kuomba dawa hutaki kusema unaumwa wapi.

Fundi Simu Buzuruga: Kwanza hilo la "bado ipo chini" lifute. Bei ya kipande peke yake haisemi kitu, izidishe kwa idadi ya vipande. Shiba Inu, moja ya hizo za bei chee, ina vipande kama trilioni 589. Kimoja kikifika dola moja, vyote vitakuwa na thamani mara kadhaa ya pato la dunia nzima kwa mwaka! Halafu uliza vingapi bado havijaingia sokoni, vile vya waanzilishi. Mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni haangalii ndoo zilizoshushwa tu, anauliza na mitumbwi iliyo bado majini.
Mimi ni Bitcoin tu. Mwisho wake milioni 21, na tangu Aprili 2024 kila bloku, yaani kila fungu jipya la miamala, inatoa Bitcoin mpya 3.125. Gharama ya umeme wa kompyuta zinazoichimba ndiyo sakafu ya bei.

Ngosha Mabondo: Sakafu gani, mkuu? Kila baada ya bloku 2,016 mtandao unapanga upya ugumu wa kuchimba. Bei ikianguka, wenye umeme ghali wanazima mashine, ugumu unapungua, gharama nayo inashuka. Gharama ndiyo inaifuata bei. Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadaye kama 16,000. Sakafu yako ilikuwa likizo? Ethereum walau unaipigia hesabu kama duka: watu wanalipa ada ya kuitumia, na sehemu ya ada inachomwa, yaani inafutwa kabisa, tangu Agosti 2021.

Fundi Simu Buzuruga: Duka ambalo Machi 2024 lilijishushia ada lenyewe. Endelea na hesabu zako.

Sangara Mkavu: Ngojeni niwape yangu. 2021 nilikuwa nachukua dagaa Ukerewe naleta mjini. Jamaa wa kundi la Telegram akatuletea tokeni mpya, yaani sarafu changa, nikaweka mtaji wa magunia, milioni moja na nusu. Wiki tatu, simu inasoma milioni tisa. Nilikuwa kwenye kivuko natoka Nansio, chaji asilimia 11, mtandao unakuja na kupotea. Nikasema niuze robo, nilipe ada ya mtoto. Nikabonyeza. Badala ya milioni mbili na robo ikaingia laki tisa, na robo tatu zilizobaki zikasoma milioni moja na kidogo. Nilidhani ni mtandao. Nikazima simu, nikawasha. Ileile.
Kumbe kwenye dimbwi la kubadilishia, yaani mfuko wa pamoja wenye tokeni upande mmoja na hela upande wa pili, huo upande wa hela palikuwa na milioni moja na nusu tu, kwa ajili yetu wote. Kesho yake mwenye tokeni akachota iliyobaki. Ile milioni tisa haikuwahi kuwepo popote. Siku hizi bei naitazama mwisho. Kwanza nauliza: nikiuza leo, nani ananunua, na ana kiasi gani?

Jiwe la Bismarck: Hazina thamani yoyote. Huli, huvai.

Ngosha Mabondo: Na mabondo unakula wewe? Tunapasua sangara, tunatoa bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, linakaushwa linaenda China, na kilo yake inaishinda mbali kilo ya samaki.

Jiwe la Bismarck: Wa China analitia kwenye supu. Wa koini anamsubiri mwenzake aje kununua.

Ngosha Mabondo: Na dhahabu ya Geita je? Inatiwa supu gani?

Mama Nansio: Mtafika hadi almasi ya Mwadui. Ongezeni na hili: Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba hizi si fedha halali nchini, halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaziwekea kodi ya zuio ya asilimia 3. Kwenye hesabu zenu toeni na hiyo. Mleta uzi yuko wapi?

Kijana wa Igoma: Nipo wakuu, nawasoma. Ni milioni mbili na laki nne, hela ya mchezo wa kupeana, nakabidhiwa Ijumaa. Mzee alitaka nimwongezee ya injini ya mtumbwi, nikaona niizungushe kwanza mwezi mmoja. Ile ya tatu jina nalihifadhi.

Mama Nansio: Mwezi mmoja! Mzee anajua?

Sangara Mkavu: Injini ya ngapi?

Kijana wa Igoma: Ya nguvu farasi 15, hata iliyotumika. Anaitaka kabla siku za giza hazijaingia, sasa hivi mbalamwezi dagaa hakuna.

Ngosha Mabondo: Nyegezi ipo moja, naijua mpaka mwenyewe. Gia inakwama kidogo ikiwa baridi. Njoo PM.

Fundi Simu Buzuruga: Kukwama kidogo kwa maneno ya Ngosha ni kupiga kasia mpaka nyumbani.