Ushindi mkubwa kuliko wote wa Ujerumani: ni 7–1 dhidi ya Brazil au ni 16–0?

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo lililowagawa watu hapa kwetu tangu Jumapili. Katika kibanda umiza kimoja cha Mwanjelwa, tukiwa tunasubiri mechi ianze, kijana mmoja alichukua chaki akaandika pembeni mwa ubao wa ratiba kwamba ushindi mkubwa kuliko wote wa timu ya taifa ya Ujerumani ni ule wa mabao 7 kwa 1 dhidi ya Brazil, na karibu ukumbi mzima ukamuunga mkono, kwa kuwa wengi wetu tuliushuhudia usiku ule wa Julai 2014. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akasema kwamba Wajerumani waliwahi kumfunga mtu 16 kwa 0, zamani sana, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa kuwa hakukumbuka mpinzani wala mwaka, alizomewa mpaka akanyamaza, na jambo hilo halikunipendeza hata kidogo.

Naomba mnieleze: je, mechi hiyo ilichezwa kweli? Na kama ilichezwa, inahesabiwa katika kumbukumbu rasmi, au ilikuwa ya kirafiki tu? Wanafunzi wangu wa kidato cha pili nao wameshalisikia suala hili, na nisingependa kuwapa jibu la kubahatisha.

Mkazi wa Gangilonga (Iringa)

Mwalimu, shikamoo yangu mfikishie mzee huyo, kwa maana alikuwa sahihi kabisa. Mechi hiyo ilichezwa tarehe 1 Julai 1912 katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, nchini Sweden, na mpinzani alikuwa Urusi ya enzi za Tsar. Chama cha soka cha Ujerumani, DFB, kinaihesabu kuwa mechi rasmi ya timu ya taifa, na hadi leo ndiyo inayoshika nafasi ya kwanza katika orodha yake ya ushindi mkubwa. Ushindi wa 7–1 hauko hata karibu na kilele cha orodha hiyo, kwa sababu kati yake na ule wa Stockholm kuna, kwa mfano, 13–0 dhidi ya San Marino mwaka 2006 na 12–0 dhidi ya Cyprus mwaka 1969.

Mwenendo wa mechi yenyewe unastahili kuelezwa. Bao la kwanza lilipatikana dakika ya 2, na hadi mapumziko Ujerumani ilikuwa inaongoza 8–0. Kipindi cha pili kikaleta mengine manane, na la mwisho lilifungwa dakika ya 69, kwa hiyo dakika ishirini za mwisho zilipita bila bao lolote. Kati ya mabao hayo 16, kumi yalifungwa na mtu mmoja, Gottfried Fuchs, mshambuliaji wa klabu ya Karlsruher FV. Fritz Förderer alifunga manne, na Karl Burger na Emil Oberle wakafunga moja moja.

Kocha wa vijana, Tukuyu

Nakubaliana na ndugu wa Iringa, lakini matokeo ya namna hii yasisomwe bila kutazama ratiba. Mechi ile ilikuwa ya mashindano ya pembeni, yaliyoandaliwa kwa ajili ya timu zilizokwisha kutolewa katika kinyang'anyiro cha medali. Ujerumani yenyewe ilikuwa imefungwa 5–1 na Austria tarehe 29 Juni. Urusi ilicheza na Finland tarehe 30 Juni na kufungwa 2–1, na kesho yake tu ikarudishwa uwanjani kuikabili Ujerumani, ambayo ilikuwa imepumzika siku moja zaidi. Zaidi ya hayo, sheria za wakati ule hazikuruhusu kumbadilisha mchezaji aliyechoka, kwa hiyo kumi na mmoja walioanza ndio waliobeba mzigo hadi filimbi ya mwisho.

Nimewafundisha vijana wa umri wa miaka 15 kwa muda mrefu, na ninajua jinsi timu iliyochoka inavyovunjika: mabeki huacha kurudi kwa pamoja, kiungo hubaki katikati ameshika kiuno, na kila shambulio linamkuta kipa peke yake. Sisi wenyewe tuna mfano ulio karibu. Novemba 2015 Taifa Stars walitoka sare ya 2–2 na Algeria jijini Dar es Salaam, na siku tatu baadaye wakafungwa 7–0 kule Blida. Uwezo wa Algeria haukubadilika ndani ya siku tatu. Kilichobadilika ni uwanja, safari na miguu ya wachezaji wetu. Simaanishi kwamba Wajerumani wa 1912 hawakustahili ushindi wao, lakini siku mbili baadaye timu hiyohiyo ilifungwa 3–1 na Hungary, na hilo linatuonesha uwezo wake halisi ulikuwa wapi.

Mdau wa Makambako

Kwa hesabu ya mabao nimekubali, ila kwa uzito sitakubali. Ile ya Belo Horizonte ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia, dhidi ya wenyeji ambao tangu mwaka 1975 hawakuwa wamepoteza mechi ya mashindano katika ardhi yao. Ni kweli kwamba Neymar alikuwa majeruhi na Thiago Silva alikuwa na adhabu ya kadi, lakini mabao manne kati ya dakika ya 23 na ya 29 dhidi ya Brazil hayaelezwi kwa kukosekana kwa watu wawili. Kijana wa Mwanjelwa angeandika «ushindi wenye heshima kuliko wote», nisingempinga.

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Nashukuru sana, ndugu zangu. Mmenifumbua macho kuhusu ratiba, na tofauti aliyoitaja mdau wa Makambako ni ya haki. Sasa huyu Fuchs, aliyefunga mabao kumi katika mechi moja, mbona jina lake hatulisikii hata kwa watu wanaoweza kukutajia kikosi chote cha Ujerumani cha mwaka 1974?

Mkazi wa Gangilonga (Iringa)

Mwalimu, umeuliza swali ambalo kwangu ni zito kuliko lile la kwanza. Fuchs alikuwa Myahudi. Aliichezea nchi yake na pia akaitumikia jeshini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini baada ya Wanazi kushika madaraka ilimbidi akimbie mwaka 1937, na hatimaye akahamia Kanada, ambako alibadilisha jina. Rafiki yake Julius Hirsch, waliyecheza naye Karlsruhe na katika timu ya taifa, alibaki Ujerumani, na mwaka 1943 alipelekwa Auschwitz, ambako aliuawa.

Mwanzoni mwa mwaka 1972, Sepp Herberger, kocha aliyeipa Ujerumani Kombe la Dunia la 1954 na ambaye tangu ujana wake alimhusudu Fuchs, aliiomba DFB imwalike mzee huyo katika mechi ya kufungua uwanja mpya wa Olimpiki wa Munich. Uongozi ulikataa, kwa maelezo kwamba haukutaka kuweka mfano ambao wengine wangeufuata. Jibu hilo lilipoandikwa, Fuchs alikuwa amekwisha kufariki dunia mjini Montreal mwezi Februari. Inaniuma kila ninapoisoma habari hii, kwa sababu ilikuwa tiketi ya ndege na kiti kimoja tu jukwaani. Tangu mwaka 2005 DFB hutoa tuzo yenye jina la Hirsch kwa watu wanaopinga ubaguzi.

Kuhusu mabao kumi, Fuchs aliifikia rekodi ya Sophus Nielsen wa Denmark, aliyeifunga Ufaransa kumi katika Olimpiki ya London mwaka 1908. Rekodi yao ilidumu mpaka tarehe 11 Aprili 2001, Archie Thompson alipofunga 13 katika mechi ambayo Australia iliifunga Samoa ya Marekani 31–0 mjini Coffs Harbour. Kwa wanafunzi wako ningeandika ubaoni hivi: Ujerumani 16, Urusi 0, Stockholm, 1 Julai 1912, Gottfried Fuchs mabao 10.