Ulinganisho: kukubali suluhu au kusubiri uamuzi katika madai ya fidia ya chanjo, Marekani

Mama Zuhura
Ndugu zangu, nawasalimu. Mdogo wangu anayeishi Minneapolis aliumia bega baada ya kuchomwa chanjo ya mafua, na madai yake yako katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, chini ya mpango wa serikali wa kuwafidia walioumizwa na chanjo. Serikali inataka kumlipa ili shauri liishe, pasipo kukiri kwamba chanjo ndiyo iliyomdhuru. Je, apokee, asubiri uamuzi, au ajitoe amshtaki mtengenezaji?

Bi Rehema
Mpe pole nyingi. Someni kwanza faili lake la hospitali. Tangu 2017 jeraha la bega limo katika jedwali la mpango wa fidia, yaani orodha ya madhara yanayotambuliwa, na maumivu yakianza ndani ya saa 48, yakabaki kwenye bega lililochomwa tu, lisilokuwa na historia ya maradhi, na madhara yakadumu zaidi ya miezi sita, huchukuliwa kwamba chanjo ndiyo chanzo, bila mdai kulazimika kulithibitisha hilo. Lakini ikiwa daktari aliandika kwamba maumivu yalianza wiki mbili baadaye, kesi huyumba, na hapo suluhu ni ya kushikwa kwa mikono miwili.

Mzee Kombo
Kumshtaki mtengenezaji simshauri hata kidogo. Mwaka 2011, katika shauri la Bruesewitz dhidi ya Wyeth, kampuni ya chanjo, Mahakama ya Juu ilizuia madai yanayodai kwamba chanjo iliundwa vibaya. Akibaki ndani ya mpango, wakili wake hulipwa na mpango wenyewe, hata akishindwa, mradi alidai kwa nia njema na kwa msingi wa kuridhisha.

Salim wa Mvita
Hilo la kutokukiri lisimuumize moyo, kwa kuwa wengi wa wanaolipwa hulipwa kwa suluhu. Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000, ila mishahara iliyopotea na matibabu yajayo huhesabiwa kando. Ninachokihofia ni saini: akishaiweka, kisha mwakani akahitaji upasuaji, hana tena pa kudai. Asikubali kabla daktari wa mifupa hajatoa kauli yake kwa maandishi.

Bi Rehema
Naafiki. Ashukuru pia kwamba si chanjo ya Uviko, ambayo mpango wake hutoa mwaka mmoja tu wa kudai na haulipii maumivu wala wakili.

Mama Zuhura
Nimewaelewa, ahsanteni. Tutamwomba wakili aombe muda zaidi, ili jibu letu litanguliwe na kauli ya daktari.