Ukiomba mboga Kampala utaletewa kabichi

Habari zenu ndugu. Nimetoka Mwanza, nina wiki mbili hapa Kampala kwa masomo. Jana niliingia kibanda kimoja Wandegeya nikaagiza wali na mboga, nikitegemea mama ataniuliza mboga gani, kama kwetu, nimwambie maharage. Hakuuliza. Akaleta wali na kabichi, kabichi tupu. Nimekosea wapi?

*

Pole mdogo wangu, na karibu. Emboga kwa Kiganda ni kabichi, kwa hiyo mama alikupa ulichoomba. Ile mboga yetu, yaani chochote cha kulia wali au ugali, iwe nyama, maharage au samaki, wao wanaiita enva. Matooke (ndizi za kupika), posho (ugali), muhogo na viazi ndiyo emmere. Unachagua emmere, tena unaweza kuchanganya aina tatu nne kwenye sahani moja, halafu unachagua enva, na bei inafuata enva.

Nina mwaka wa sita hapa, na maneno yaliyonisumbua ni haya yanayofanana na yetu. Ukisikia ebijanjaalo utauliza, utaambiwa ni maharage, basi. Neno unalodhani unalijua huliulizi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata wageni kutoka Moshi, nikataka kuwapikia mtori, ile supu nzito ya ndizi za kupika. Nikaenda soko la Kalerwe, nikamwambia mama muuzaji nataka ndizi za watu wanane. Akanitazama. "Ndiizi, ssebo?" yaani, ndiizi, bwana? Nikaitikia. Akanifungia vichane vya ndizi fupi za njano, ganda jembamba kama karatasi, zile tunazoziita kisukari. Na nyuma yake mikungu ya matooke mabichi ilikuwa imeegemezwa ukutani, naiona kwa macho yangu! Mimi nikafikiri ananichagulia kwanza za kula mbivu, nikalipa, nikasubiri nyingine. Wageni walikula wali siku hiyo, na ninaona vibaya hadi leo, maana walikuwa wameahidiwa mtori.

Kwa hiyo ndiizi kwao ni hizo kisukari; za kupika sema matooke. Mkungu ni enkota, chane ni ekiwagu. Bogoya ni ile ndefu nene ya kula mbivu, gonja ni ya kuchoma, kama mzuzu wetu.

Posho ni ugali. Kwetu posho ni hela ya kikao au ya safari, ila asili ni moja: mgawo wa chakula aliopewa mpagazi au kibarua. Uganda jina limebaki kwenye unga wa mahindi, Tanzania limehamia kwenye fedha. Wengine huuita kawunga.

Na kwa kuwa uko Wandegeya na ulitaka maharage, omba kikomando: chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage. Inashibisha na haimalizi hela ya mwanafunzi. Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai. Chai ya rangi ni chai mukalu, yaani kavu.

*

Mimi ni wa Kisumu, naongeza samaki kwa sababu ndugu yetu ni wa Mwanza na najua atawatafuta. Dagaa wenu, omena kwetu, hapa ni mukene. Sangara ni mbuta kwetu, mputa hapa. Sato ni ngege, Kisumu na Kampala vilevile. Jaribu mukene wa karanga za kusaga, ni tamu sana kwa posho. Mchicha uulizie dodo, na nyanya chungu ni entula.

*

Asanteni sana, kaka na dada. Leo mchana nimerudi palepale nikaomba omuceere na ebijanjaalo, nikapata. Nimemuuliza mama wali wanauitaje na mchele wanauitaje. Akasema vyote ni omuceere, ulio gunia na ulio sahani. Kesho naulizia mukene.