Walimu wa Go hapa Mombasa, mnawaharibu wanaoanza!

Jamani, hili limetufika kooni, wacha lisemwe wazi. Kijana anakuja anataka kujifunza Go, ule mchezo wa ubao wa kuzungushia eneo kwa mawe meusi na meupe. Siku ya kwanza anawekewa ubao mzima wa mistari 19 kwa 19, nukta 361, anaambiwa "cheza". Siku ya pili anapewa makaratasi ya joseki, yaani mifuatano ya hatua za kona iliyokwisha pangwa, akariri. Ya tatu anaambiwa apakue KataGo, programu inayocheza Go, kwenye simu aangalie asilimia za kushinda. Muda si muda haonekani tena, na waliomfundisha wanasema hana kichwa. Kichwa anacho! Mliokosa ni nyinyi.

Na ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani tulipaswa kujua. Nani hapa alifundishwa bao akianzia la Kiswahili, lile gumu, na namua yake na nyumba yake? Unaanzia bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, zote 64 zimeshapangwa, unajua kwanza kutakata na kula. Go nayo ina mahali pake pa kuanzia, ubao wa 9 kwa 9. Nukta 81 tu, mchezo unaisha kwa robo saa, kosa na adhabu yake vinaonekana papo hapo. Kwenye 19 anayeanza anakosea mwanzoni, anaadhibiwa saa nzima baadaye, na hajui kilichomuua ni kipi.

Kitu cha kwanza cha kufundisha ni pumzi, zile nukta tupu zinazogusana na jiwe; zikiisha zote jiwe linaliwa. Jiwe peke yake katikati lina pumzi nne, ukingoni tatu, kwenye kona mbili. Likibaki na moja liko atari, yaani pigo moja tu linaliwa. Mtu acheze mpaka jicho lake lihesabu pumzi za kila kundi bila kidole. Joseki kabla ya hapo ni kupoteza muda: anakariri hatua kumi na mbili za kona, mpinzani anacheza ya kumi na tatu isiyo kwenye karatasi, basi kwisha.

Kisha ngazi, ule mtego wa kumfukuza adui kwa atari mfululizo. Hapa ndipo naona walimu wanapita mbio na ndipo watu wanapofia. Unalitia jiwe la adui atari, anakimbia hatua moja, anapata pumzi mbili. Unamtia atari tena kutoka upande wa pili, anakimbia. Mnakwenda zigizaga kwa mshazari mpaka ukingo, pale pumzi zinaisha na unakula zote. Lakini jiwe lake moja likiwa limekaa kwenye njia ile, au limepakana nayo, akilifikia anapata pumzi ya tatu na ngazi imevunjika. Wewe sasa umebaki na mawe yaliyotawanyika pande zote mbili, kila hatua umeacha pengo ambalo akicheza anakutia atari mbili kwa pigo moja. Mchezo umekwisha. Kwa hiyo mwanafunzi afuate ngazi kwa macho mpaka mwisho KABLA ya kugusa jiwe. Njia ikiwa na kizuizi, aache, atafute kama wavu utashika: jiwe linalowekwa mbali kidogo kwa mshazari, ambapo kila mlango wa kutokea umezibwa. Sijaona karatasi hata moja ya hapa mjini yenye haya mambo mawili. Joseki zimejaa tele.

Uhai na kifo, hivyo hivyo: kundi lililozungukwa huishi likipata macho mawili, yaani nafasi mbili tupu zilizotengana ndani yake. Haya ni machache na hayabadiliki. Kundi lililozungukwa likiwa na nukta tatu zilizonyooka ndani: anayewahi ya katikati ndiye bwana. Nne zilizonyooka: liko hai, usipoteze zamu kulilinda, adui akiingia moja ya kati wewe unachukua nyingine ya kati. Nne za mraba: maiti, hata ukianza wewe. Tano za msalaba: anayewahi kitovu. Kwenye mstari wa pili kutoka ukingoni, mbali na kona, safu ya mawe sita iliyozibwa pande zote inakufa, manane yanaishi, saba inategemea zamu ni ya nani. Kwenye kona manne hufa, sita huishi. Maswali kumi mepesi ya aina hii kila siku, yale ambayo jibu linaonekana ndani ya nusu dakika, yanamjenga mtu kuliko swali moja la madani, wachezaji wa madaraja ya juu, analolikodolea macho kisha akachungulia jibu.

Sasa hii mashine. AlphaGo, programu ya kompyuta, ilimshinda bingwa Lee Sedol 4 kwa 1 kule Seoul, Machi 2016, na baada ya hapo kila mtu anataka kuvamia nukta ya 3-3, ile ya tatu kutoka kila ukingo wa kona, mapema kwa sababu mashine zinafanya hivyo. Mvamizi anapata kona ndogo, adui anapata ukuta. Mashine inajua jinsi ya kuupunguza ule ukuta nguvu. Mtu wa kyu 20, daraja la wanaoanza, hajui, na anamezwa upande mzima. Halafu mnambishia kwa asilimia mbili tatu! Kwake yeye hazina maana yoyote. Mchezo ukiisha, kwanza mwenyewe aseme ni wapi kundi lake kubwa lilikufa na pumzi zilikatwaje. Baada ya hapo afungue KataGo, aangalie hatua zilizopoteza pointi kumi na zaidi peke yake. Nyingine azipite.

Na acheni kiburi cha kukataa mawe ya kutangulia, yale anayowekewa mchezaji dhaifu ubaoni kabla ya mchezo kuanza. Tofauti ya daraja moja ni jiwe moja, mpaka tisa, kwenye ubao wa 19. Kumpiga mgeni pointi 150 bila kumpa hata jiwe ni ubabe, na hajifunzi chochote.

JIBU: Umesema kweli kaka, lakini huo ubao wa 9 tunautoa wapi? Kuna duka mjini linauza sanduku limeandikwa Go, ukifungua ni mistari 15.

MWENYE UZI: Hiyo ni ya mchezo mwingine, wa kupanga mawe matano kwa mstari, rudisha. Hesabu mistari kabla ya kulipa, siyo vyumba: mistari 19 ni vyumba 18. Mawe yawe 181 meusi na 180 meupe. Wa 9 tengeneza mwenyewe. Kadibodi ngumu, mistari tisa kila upande, nafasi sentimita 2.4 katikati, acha ukingo wa sentimita 1.5. Vifungo vya koti vya milimita 20 hivi, vyeusi 41 na vyeupe 40. Visizidi 22, vitasukumana na mtabishana jiwe lilikuwa nukta gani.

JIBU: Sisi ugomvi wetu ni kuhesabu pointi mchezo ukiisha. Kila mmoja ana hesabu yake.

MWENYE UZI: Kwa sababu mmoja anahesabu Kijapani, eneo tupu na mateka, yaani mawe aliyoyala, mwingine Kichina, eneo pamoja na mawe yake yaliyo hai. Wanaoanza watumie ya Kichina. Mkibishana kama kundi limekufa, endeleeni kucheza mpaka liondolewe. Kwa hesabu hiyo kujaza eneo lako hakukupunguzii kitu. Kwa Kijapani kila jiwe unaloweka ndani mwako adui asipojibu ni pointi moja imekwenda, ndiyo maana wanaogopa kuthibitisha na kelele zinaanza. Fidia ya mweupe kwa kuwa mweusi ndiye huanza, komi, ni pointi 7.5 kwa Kichina na 6.5 kwa Kijapani. Tajeni mnatumia ipi kabla ya jiwe la kwanza.