Wana wa Ujiji: fomu ya Idi

Mama Idi: Asalaam alaykum wote. Kaka, ukipata nafasi huko Kentucky soma hapa. Kuna bwana mmoja anayepeleka vijana vyuo vya Marekani kamwona Idi uwanjani akicheza kikapu. Anataka milioni 4.5 ya fomu, mwisho Ijumaa. Anasema Idi atakuwa kama yule Msenegali aliyechukua ubingwa hapo kwenu Louisville.

Mjomba Rama: Fomu milioni 4.5? Imechapwa kwa dhahabu?

Ma'mdogo Zuhura: Msenegali gani tena

Idi: Gorgui Dieng ma'mdogo. Senta. Mabingwa wa vyuo 2013, waliwapiga Michigan 82-76 Atlanta 🔥

Mjomba Rama: Bingwa aliyenyang'anywa. Fungua kumbukumbu za NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, ubingwa wa 2013 umefutwa. Mpaka bendera wakaishusha ukumbini.

Idi: Mjomba usianze

Mjomba Rama: Nimeanza nini? Februari 2018 hiyo. Haikuwahi kutokea kwa kikapu cha wanaume, wamevunja rekodi.

Bibi: 🎤 0:41

Ma'mdogo Zuhura: Mama anauliza huyo mtoto aliiba nini hata anyang'anywe

Mjomba Kentucky: Waalaykum salaam. Shikamoo mama. Nimetoka mapumziko ya shifti, nina dakika 20.

Bibi: Marhaba baba umekula

Mjomba Kentucky: Nimekula mama. Huyo kijana hakuiba kitu. Mfanyakazi mmoja wa timu alikuwa akileta mambo ya aibu bwenini ili kuwavuta vijana wanaotafutwa na chuo. Mama upo humu, siandiki zaidi. Yalipojulikana, NCAA wakafuta michezo 123 waliyoshinda, na ubingwa ukaenda na maji.

Mjomba Rama: Si ndiyo nilichosema

Mjomba Kentucky: Rama umesema nusu. Gorgui na wenzake wanne waliishtaki NCAA mwaka huohuo. 2019 wakapatana: takwimu na tuzo zao ziko palepale, wao hawamo kwenye ule uchafu. Ubingwa wa timu ndio haukurudi. Sasa njoo Louisville umwambie mtu 2013 hatukushinda. Mzee ninayepakia naye mizigo ana tisheti ya mwaka ule, imetoboka kwapani, kila Machi lazima aivae.

Ma'mdogo Zuhura: 😂😂

Idi: Na alivunjika kifundo cha mkono mwanzoni mwa msimu akarudi hivyohivyo. Ribaundi 9 na zaidi kwa mchezo. Mlinzi bora wa Big East, ligi yao ya vyuo

Mama Idi: Idi hujaulizwa. Kaka, nitoe hela au nisitoe?

Mjomba Kentucky: Dada, muulize huyo bwana: Gorgui alimlipa nani fomu?

Katokea Kébémer, mji mdogo njia ya Dakar kwenda Saint-Louis. Alikozaliwa rais wao wa zamani, Abdoulaye Wade. Akachukuliwa na SEED, mradi wa kikapu na shule kule Thiès, ulioanzishwa 1998 na Amadou Gallo Fall, Msenegali aliyesomeshwa na kikapu hukuhuku Marekani. Ndiye huyo rais wa BAL, ligi ya kikapu ya Afrika ile Rama huwa anapanda basi kwenda kuiangalia Kigali.

Mjomba Rama: Mara moja tu nimeenda

Mjomba Kentucky: SEED unasoma na kucheza. Usiposoma huchezi. 2009 akawa mchezaji bora kwenye Basketball Without Borders, kambi ya kikapu ya vijana, baba yake hakuuza ng'ombe. Kutoka hapo akapata sekondari West Virginia, Huntington Prep, mwaka mmoja, na Kiingereza hana, ni Kiwolofu na Kifaransa. 2010 kocha Rick Pitino akamleta Louisville.

Na hapo sasa nusura akae benchi mwaka mzima, si kwa mpira. NCAA walivigeuza vyeti vyake vya shule kimoja baada ya kingine kabla ya kumruhusu. Vyeti dada. Huyo bwana wako kakuomba cheti hata kimoja?

Mama Idi: Hapana. Kaomba namba ya kutumia hela

Mama Idi: Yaani kanipa namba yake nimtumie

Mjomba Rama: Tumeelewa

Ma'mdogo Zuhura: Huyo Gorgui baadaye alipata chochote au ndiyo basi

Idi: NBA ma'mdogo! Alichaguliwa wa 21 mwaka huohuo 2013, akacheza Minnesota. 2016 wakampa mkataba wa miaka 4, milioni 63

Ma'mdogo Zuhura: Shilingi?

Idi: Dola

Ma'mdogo Zuhura: Idi mwanangu leo kwangu kuna migebuka, njoo ule 😭

Mjomba Rama: Jana ulimfukuza kwa kumaliza sukari

Mjomba Kentucky: Na taifa lake hakulitupa. Kombe la Dunia 2014 kule Hispania waliwapiga Croatia, wakaingia kumi na sita bora.

Dakika zangu zinaisha. Dada, usitume hata shilingi. Mwambie nitaongea naye mimi, aniandikie jina la chuo na jina la kocha, nitapiga simu chuoni mwenyewe. Uone kama atajibu.

Mama Idi: Nimemwandikia tayari. Ameona. Kimya.

Mama Idi: Picha yake ya wasifu imeondoka

Mjomba Rama: Amekublock. Fomu imejaa hiyo

Bibi: 🎤 0:09

Ma'mdogo Zuhura: Mama anacheka tu

Idi: Kwa hiyo mimi ndiyo basi?

Mjomba Kentucky: Nani kasema? Shule zinazochukua vijana wa kikapu zipo, nitaulizia. Wataanza na karatasi. Nitumie picha ya matokeo yako ya kidato cha nne.

Idi: 📷 Picha

Mjomba Kentucky: Hii umeikata Idi. Naona Kiswahili, Jiografia, Baiolojia. Hisabati iko wapi?

Idi: Simu hii kamera yake ndogo mjomba

Mama Idi: Subiri kaka, karatasi iko kabatini. Nakutumia nzima.