Matawi ya seli ya neva yahesabiwe kuanzia wapi?

Mwulizaji, Malindi
Assalamu alaykum. Ninachora seli za Purkinje, yaani seli kubwa za neva zilizomo katika ubongo wa nyuma, kutokana na picha za hadubini, na kila tawi la dendraiti (matawi yanayopokea ishara) linatakiwa lipewe daraja. Nikianzia kwenye mwili wa seli na kuongeza moja kila penye panda, shina nene hufikia daraja kubwa mno kwa sababu ya vijitawi vinavyolichipukia ubavuni, ilhali kijitawi chembamba kilicho karibu na mwili hubaki na daraja dogo. Je, hesabu hii ina maana?

Jibu, Lamu
Wa alaykumu salaam. Maana inayo, lakini hujibu swali moja tu: mna panda ngapi kutoka mwilini hadi tawi hilo. Kwa mti wa Purkinje ningechagua njia ya Strahler, iliyobuniwa kwa ajili ya mito. Robert Horton aliiasisi mwaka 1945, na Arthur Strahler akairekebisha katika miaka ya 1950. Kila tawi la nchani hupewa 1. Matawi mawili ya daraja sawa yakikutana, tawi linaloyabeba hupanda daraja moja; yasipolingana, huchukua daraja la lile kubwa. Nyinyi wa Malindi mnao mto Sabaki: vijito vidogo vinavyouingia baada ya Athi na Tsavo kuungana, hata viwe vingi vipi, haviupandishi daraja.

Jibu la pili, Malindi
Naafikiana na Maalim wa Lamu kuhusu shina, ila kipande cha ubongo kikikatwa chembamba, matawi mengine hukatika, na Strahler huhesabu mahali palipokatwa kuwa ncha, kosa ambalo huweza kushuka hadi shinani. Anayehesabu kutoka mwilini hapati hasara hiyo, kwani kilichokatika hakibadilishi daraja la kilichobaki. Kwenye panda ya matawi matatu mambo hugeuka: matatu ya daraja la 1 huzaa 2 kwa Strahler, uyachore yakikutana pamoja au mawili kwanza; lakini ukihesabu kutoka mwilini, michoro hiyo miwili hutoa madaraja tofauti.

Mwulizaji
Shukrani. Nikibadili njia, itanibidi nichore upya?

Jibu, Lamu
La, ikiwa umehifadhi kwa muundo wa SWC, yaani faili ya maandishi inayoorodhesha nukta za mchoro wa seli. Kila mstari una namba ya nukta, aina yake, mahali ilipo, nusu kipenyo, na namba ya nukta mzazi, ambayo kwa nukta ya mzizi, isiyo na mzazi, ni -1. Madaraja yote mawili hukokotolewa kutoka safu hiyo ya wazazi. Matawi yaliyokatika yatie alama kwanza.