Binti yuko darasa la nne na hajui kusoma: nimhamishie shule binafsi Januari?

Mzazi Njiapanda:
Habarini wakuu. Naombeni ushauri bila matusi, maana usingizi umenikimbia. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa. Juzi nimegundua hajui kusoma. Kila jioni alikuwa ananisomea kitabu chake vizuri tu, kidole kinatembea kwenye mistari. Siku hiyo nikaziba picha kwa kiganja, akanyamaza. Nikafungua ukurasa mwingine, akaanza hadithi ileile ya ukurasa wa kwanza. Kitabu chote amekikariri. Upimaji wa darasa la nne ni mwaka huu huu. Nataka Januari nimpeleke shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ni uamuzi sahihi?

Baba Pacha:
Hamisha hata kesho. Kayumba, hizo shule za serikali, mtoto anaenda kukua tu. Wangu wako inglishi midiamu tangu chekechea, sasa hivi wanaongea Kizungu mpaka bibi yao anaomba mkalimani.

Dada wa Mabibo:
Bibi haelewani na wajukuu, na wewe unaona sifa?

Mzee wa Kahawa:
Wazazi wa siku hizi mnapenda mteremko. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wakulima wakawa wanatoka shamba na jembe begani wanaingia kisomoni. Ilipofika 1986 wasiojua kusoma nchini walihesabiwa hawafiki asilimia 10. Inglishi midiamu ilikuwa wapi? Mfundishe mwanao mwenyewe.

Deiwaka:
Mimi naendesha boda, sina utaalamu. Ila mama yangu aliweka dole gumba kwenye karatasi akaambiwa anakodisha shamba misimu miwili. Kumbe ameuza. Tulipeleka karatasi kwa mwenyekiti wa mtaa akatusomea kwa sauti, mama kakaa palepale chini. Nikiona mtoto hajui kusoma naliona lile shamba. Dada yangu, usilale.

Mwalimu Mstaafu:
Pole mzazi. Kabla sijashauri: darasa lake lina watoto wangapi, na mwalimu wake anasemaje? Umeeleza kila kitu, mwalimu umemruka.

Mzazi Njiapanda:
Watoto 140 kwenye chumba kimoja, wanne kwa dawati. Mwalimu wake namfahamu, ni mchapakazi. Sitaki kumlaumu. Swali langu lilikuwa kuhusu kuhama.

Dada wa Mabibo:
Unamfahamu vipi? Funguka mama, ushauri haukai kwenye habari nusu.

Mzazi Njiapanda:
Haya. Tunakaa naye ofisi moja. Mimi ni mwalimu hapohapo, nafundisha darasa la sita. Nikimuuliza mbele ya wenzangu itaonekana namchongea. Nikimhamisha mtoto, wazazi wa wanafunzi wangu watauliza kwa nini chakula ninachowapikia watoto wao, wangu hali. Na kabla hamjaanza: mimi pia ni mzazi, nina haki ya kutafuta. Nafasi nimeshashika, nusu ya ada ya muhula wa kwanza nimelipa kwa mkopo. Sioni kosa langu liko wapi.

Mpelelezi wa Mtaa:
Chai hii, tena ya tangawizi. Mwalimu gani akae na mtoto miaka yote asijue hasomi? Huyu ana shule yake binafsi, anatafuta wateja kabla ya Januari. Kesho ataleta namba ya simu.

Baba Pacha:
Hata mimi nimeanza kunusa. Anayetafuta ushauri halipi kwanza.

Dada wa Mabibo:
Wewe Baba Pacha si ndiye uliyesema ahamishe kesho?

Mzazi Njiapanda:
Sina shule na sitaji shule yoyote hapa. Mnataka kujua kwa nini sikuona? Narudi nyumbani na madaftari ya darasa zima kwenye mfuko wa sandarusi. Nasahihisha mpaka macho yanauma, kisha azimio la kazi, andalio la somo, na asubuhi nina zamu ya geti. Mtoto anakuja na kitabu, anasoma bila kukwama, anapokea pongezi anaenda kulala. Na daftari lake limejaa alama za vema, kwa sababu anakopi ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wenzake. Herufi anazichora, hazisomi.

Mwalimu wa Kijijini:
Hii si chai. Niko na darasa la tatu, nina watoto wa namna hiyo zaidi ya kumi na wanakopi vizuri. Mwaka 2012 ilitangazwa hadharani kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kidato cha kwanza hawajui kusoma. Nao pia walikuwa na madaftari yenye vema.

Mwalimu Mstaafu:
Nimekuamini tangu uliposema umeziba picha. Aliyekaa na watoto ndiye anayejua jaribio hilo.

Nisikilizeni. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto wakamiminika, na lilikuwa jambo jema: hata watoto wa maskini kabisa wakapata dawati. Walimu na vyumba havikufuata kwa kasi hiyo. Kiwango chetu ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Kipindi ni dakika 40. Gawa kwa watoto 140, hata sekunde 20 kila mmoja hapati. Mwalimu wake hana muda wa kumsikiliza mtu mmoja akisoma, hata angekuwa malaika.

Sasa kuhama. Huko watampima, watamrudisha darasa la pili, na atajifunza kusoma kwa lugha asiyoiota hata usingizini. Mtoto ambaye hajaunganisha silabi za Kiswahili utamwongezea mzigo wa pili, na wewe mkopo juu. Mpime leo. Andika kwenye vipande vya boksi: ba, ma, ki, lu. Halafu mba, ndi, kwa, nywe. Vichanganye. Picha isiwepo hata moja. Niambie anakwama wapi. Na nenda hospitali apimwe macho na masikio, wengi tunasahau.

Mzee wa Kahawa:
Si ndicho nilichosema mimi? Mfundishe mwenyewe.

Mzazi Njiapanda:
Nimerudi. Silabi za konsonanti moja anazijua karibu zote. Mba na ndi anakisia. "Kwa" anasoma "ka". Nywe ameiangalia akaanza kulia, nikaacha. Macho nitampeleka wiki hii.

Mwalimu Mstaafu:
Basi hauko mbali kama unavyodhani. Anza na mb na nd, dakika 20 kila jioni kabla hujagusa madaftari ya watu. Maneno ya nyumbani: mboga, ndizi, ndoo. Nywe iache mpaka mwisho. Na mwalimu wake mwone, nje ya ofisi, mkiwa wawili. Mwonyeshe hivyo vipande vya boksi.

Mzazi Njiapanda:
Asante sana mwalimu wangu. Nitamwona Ijumaa baada ya vipindi. Ila nafasi ya Januari siifuti kwa sasa.